Namna ya Kuchagua Vizibao vya Kuakisi Mwanga Vinavyokidhi Viwango: Mwongozo kwa Waajiri na Watunza Stoo wa Kigoma

Katika maduka ya vifaa vya ujenzi mjini Kigoma, kizibao cha kuakisi mwanga, ambacho mafundi na waendesha bodaboda hukiita reflekta, huning'inizwa mlangoni pamoja na helmeti na mabuti ya mpira, na mnunuzi aliyetumwa na ofisi huuliza bei, akahesabu idadi, akadai risiti, akaondoka. Swali la iwapo kizibao hicho kinakidhi kiwango chochote huibuka baadaye, pale mkaguzi wa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) anapofika eneo la kazi, au pale mkandarasi mkuu anapowazuia getini vibarua wa mkandarasi mdogo kwa sababu mavazi yao hayakubaliki. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyetumwa kununua, pamoja na mtunza stoo atakayepokea mzigo, ili swali hilo liulizwe dukani kabla fedha haijatoka.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, ambayo inatumika Tanzania Bara, inamtaka mwajiri atathmini vihatarishi vya mahali pake pa kazi, atoe vifaa kinga vinavyoendana na vihatarishi hivyo, na avitunze. Kwa hiyo kumvika mfanyakazi nguo yoyote yenye rangi ya manjano na mistari ya kijivu hakumalizi wajibu wa mwajiri. Nguo hiyo ni lazima iweze kumfanya dereva wa lori amwone mfanyakazi mapema kiasi cha kutosha kupunguza mwendo, na uwezo huo unapimika.

Kinachofanya kizibao kionekane

Kizibao halali kina vitu viwili vinavyofanya kazi kwa zamu. Cha kwanza ni kitambaa chenye rangi ya fluoresenti, ambayo hufyonza miale ya urujuanimno ya jua, miale ambayo jicho haliioni, na kuitoa tena ikiwa mwanga unaoonekana. Ndiyo maana rangi hiyo huonekana kali kuliko vitu vyote vilivyo kandokando yake, hasa alfajiri, jioni na wakati wa mawingu mazito. Usiku hali hubadilika kabisa, kwa sababu jua halipo na taa za gari hutoa kiasi kidogo mno cha miale hiyo, hivyo kitambaa ambacho mchana kilikuwa kinawaka hugeuka kuwa kitambaa cha kawaida.

Hapo ndipo kitu cha pili kinaposhika zamu, yaani utepe wa kuakisi. Ndani ya utepe huo kuna shanga ndogo sana za kioo, au vijipembe vidogo vya plastiki, vilivyopangwa ili mwanga unaoingia urudi kule kule ulikotoka badala ya kutawanyika. Dereva ameketi juu kidogo ya taa za gari lake, kwa hiyo mwanga unaorudi humfikia yeye. Mtu aliyesimama pembeni mwa barabara anaweza asione mng'ao wowote wakati dereva anauona utepe unawaka, na jambo hilo ni la kawaida.

Matokeo yake ni kwamba utepe hauna mwanga wake wenyewe. Bodaboda isiyo na taa au lori lenye taa iliyoungua halitamwona mfanyakazi usiku hata akivaa kizibao bora kuliko vyote. Ninalisema hili mapema kwa sababu baadhi ya wasimamizi hununua vizibao halafu huacha kuweka koni, vibao vya tahadhari na mshika bendera, na hakuna kiwango chochote duniani kinachokipa kizibao kazi hiyo.

Mwanga wa Kigoma hauko kama wa pwani

Mji wa Kigoma uko karibu na nyuzi 29.6 za longitudo ya mashariki, ilhali saa tunayoitumia nchi nzima imepangwa kwa nyuzi 45. Kwa sababu hiyo jua la Kigoma huchomoza takriban dakika 40 baada ya jua la Dar es Salaam. Kulingana na mwezi, jua hapa huonekana kati ya saa 12:35 na saa 1:10 asubuhi. Kikosi cha barabara, wapakiaji wa bandarini au wafagiaji wa mji wanaoripoti saa 12:00 kamili asubuhi hufanya kazi nusu saa na zaidi kabla jua halijachomoza, mwaka mzima. Kampuni yenye makao makuu Dar es Salaam inaweza kuandika kwenye taratibu zake kwamba zamu ya asubuhi ni zamu ya mchana, na ikanunua vizibao vya rangi tupu visivyo na utepe. Kwa Kigoma utaratibu huo haufai. Mtu yeyote anayeanza kazi kabla ya saa 1:15 asubuhi anahitaji utepe kamili wa kuakisi.

Vumbi nalo lina nafasi yake. Kati ya Juni na Septemba vumbi jekundu la barabara za changarawe hutanda juu ya utepe na kuzuia mwanga usiingie wala usitoke. Jambo hili huathiri zaidi utunzaji kuliko ununuzi, na nitalirudia mwishoni.

Madaraja matatu na namna ya kuchagua lako

Viwango viwili ndivyo vinavyoonekana zaidi kwenye lebo za vizibao vinavyofika nchini. Cha kwanza ni cha kimataifa, ISO 20471 cha mwaka 2013, ambacho Ulaya hukiandika EN ISO 20471 na ambacho kilichukua nafasi ya kiwango cha zamani cha EN 471. Cha pili ni cha Marekani, ANSI/ISEA 107, ambacho toleo lake la mwaka 2020 hutenganisha mavazi kwa herufi: O kwa kazi zilizo nje ya barabara, R kwa kazi za barabarani, na P kwa askari na vikosi vya dharura. Vyote viwili vina madaraja matatu, na kwa daraja la 2 na la 3 vipimo vyake vinakaribiana sana.

Katika ISO 20471, daraja la 1 linahitaji angalau mita za mraba 0.14 za kitambaa cha fluoresenti na 0.10 za utepe. Daraja la 2 linahitaji 0.50 za kitambaa na 0.13 za utepe. Daraja la 3 linahitaji 0.80 za kitambaa na 0.20 za utepe. Vipimo hivi vinahusu kila saizi, hata ndogo kabisa inayouzwa, kwa hiyo muuzaji hawezi kujitetea kwamba saizi kubwa inatimiza na ndogo imekaribia.

Kiambatisho cha kiwango hicho kinaelekeza kuchagua daraja kwa kuangalia kasi ya magari yanayopita karibu na mfanyakazi: daraja la 1 pale kasi isipozidi kilomita 30 kwa saa, daraja la 2 pale isipozidi 60, na daraja la 3 pale inapozidi 60. Linganisha na sheria zetu za barabarani. Ndani ya makazi kikomo ni kilomita 50 kwa saa, kwa hiyo wafanyakazi wa usafi na wa mitaro katika mitaa ya Mwanga, Gungu na Ujiji wanaingia daraja la 2. Nje ya makazi mabasi na malori makubwa yanaruhusiwa kufika kilomita 80, na magari madogo hupita kwa kasi zaidi ya hapo. Yeyote anayeziba mashimo, kupima au kufyeka kando ya barabara kuu ya kwenda Kasulu yuko kwenye daraja la 3 bila mjadala.

Hapa ndipo wanunuzi wengi huteleza. Kizibao kisicho na mikono hakiwezi peke yake kuwa daraja la 3 chini ya ISO 20471, hata kiwe na utepe mwingi kiasi gani, kwa sababu daraja hilo linataka mwili na ama mikono ama miguu ionekane ikitembea. Dereva hutambua binadamu kwa jinsi viungo vyake vinavyochezacheza. Kiwiliwili peke yake, kwa mbali na usiku, kinaweza kudhaniwa kuwa pipa au kibao. Kwa hiyo kikosi cha barabara kuu kinahitaji jaketi lenye mikono, au kizibao pamoja na suruali ndefu yenye tepe, na mtengenezaji awe ameandika wazi kwamba viwili hivyo vikivaliwa pamoja vinafikia daraja la 3. Ukikuta kizibao kisicho na mikono chenye lebo ya ISO 20471 na namba 3, kirudishe rafuni.

Kuhusu daraja la 1, ushauri wangu ni kuliacha. Linaruhusiwa kwa yadi ambamo magari hutambaa, lakini mfanyakazi wa yadi leo asubuhi anaweza kutumwa mchana kusimamisha malori barabarani, na hatabadilisha nguo.

Pima mwenyewe kwa futi ya fundi cherehani

Vipimo vya mita za mraba vinaonekana vya kimaabara, lakini mtunza stoo anaweza kuvikagua juu ya meza. Utepe ni lazima uwe na upana usiopungua milimita 50, yaani sentimita 5. Gawanya eneo linalotakiwa kwa upana huo, na utapata urefu: kwa daraja la 1, jumla ya utepe wote isipungue mita 2, kwa daraja la 2, mita 2.6, kwa daraja la 3, mita 4. Mahali ambapo tepe mbili zinapishana pahesabiwe mara moja tu.

Chukua kizibao chenye mzunguko wa sentimita 112. Kama kina tepe mbili zinazozunguka kiuno na kifua, bila tepe za mabegani, jumla yake ni mita 2.24, na kizibao hicho si daraja la 2 ingawa kinafanana nacho. Sasa ongeza tepe mbili zinazopanda mbele, zikapita juu ya mabega na kushuka mgongoni, kila moja ikiwa na sentimita 90 au zaidi. Jumla inavuka mita 4, na upande wa utepe kizibao kimefaulu. Lakini kila utepe hufunika kitambaa, na kitambaa kilichofunikwa hakihesabiwi tena kuwa cha fluoresenti. Kizibao chetu kikiwa kifupi, chenye jumla ya mita za mraba 0.65 baada ya kutoa matundu ya mikono na shingo, utepe wa mita 4 utakuwa umekula mita za mraba 0.20, na kitambaa kitakachobaki ni 0.45. Kimefaulu upande mmoja na kuanguka upande mwingine. Kirefushe kwa sentimita 8 tu na hesabu hukaa sawa, huku kitambaa kikivuka 0.50 kidogo.

Halafu bosi anataka nembo ya kampuni mgongoni. Nembo yenye ukubwa wa karatasi ya A4 hufunika mita za mraba 0.06, na kizibao kilichokuwa kimevuka kwa tabu hurudi chini ya kiwango. Mfuko mkubwa wa kitambaa cheusi na pindo pana la rangi nyingine navyo hutolewa kwenye hesabu kwa namna hiyo hiyo. Anayetaka nembo anunue kizibao kirefu chenye ziada, achape nembo ndogo kifuani, na kwa vyovyote asiruhusu fundi kuchapa juu ya utepe.

Baada ya urefu, kagua mpangilio. Tepe za mlalo zinatakiwa kuzunguka mwili wote, ziachane kwa sentimita 5 au zaidi, na ya chini kabisa iwe juu ya pindo kwa sentimita 5 au zaidi. Mbele, mahali pa zipu, pengo kati ya ncha za utepe lisizidi sentimita 5. Kivalishe mtu mwenye mwili wa kawaida, umwambie ageuke, kisha umtazame ubavuni. Vizibao vya bei rahisi vyenye kamba za kufunga kiunoni mara nyingi huacha ubavu wazi, na mtu aliyeinama kando ya barabara humwonyesha dereva ubavu kuliko kifua.

Lebo, vyeti na jaribio la tochi

Lebo ya kweli imeshonwa ndani ya nguo, haijabandikwa wala kufungwa kwa kamba. Inataja jina la mtengenezaji, namba ya modeli, saizi, namba ya kiwango pamoja na mwaka wake, maelezo ya kufua, na mchoro mdogo wa kizibao wenye namba ya daraja pembeni. Ukiona namba mbili, moja juu ya nyingine, pembeni mwa mchoro huo, mara nyingi nguo hiyo ilitengenezwa kwa kiwango cha zamani cha EN 471, ambacho kilipima daraja la nguo na daraja la utepe kila kimoja kivyake. Lebo yenye herufi CE pekee, ambayo ni alama ya soko la Ulaya, bila namba ya kiwango na bila namba ya daraja, haithibitishi lolote kuhusu kuonekana.

Lebo nayo hughushiwa. Omba nakala ya cheti cha ulinganifu pamoja na ripoti ya maabara, kisha linganisha mambo matatu: namba ya modeli kwenye ripoti iwe ile ile iliyo kwenye lebo, rangi iliyopimwa iwe ile unayonunua, na ripoti ihusu vazi zima. Wauzaji wengi hutoa ripoti ya utepe peke yake, ambayo ni halali kabisa kwa utepe, huku ukubwa wa kitambaa na mpangilio wake haujapimwa na mtu yeyote. Kwa bidhaa zinazoingizwa kutoka nje, Shirika la Viwango Tanzania (TBS) lina utaratibu wa kuhakiki ubora, na muingizaji mwaminifu huwa na nyaraka zake. Duka dogo la Kigoma linaweza lisiwe nazo mkononi, lakini linaweza kumpigia simu aliyelijaza mzigo kutoka Kariakoo. Likikataa hata hilo, umepata jibu.

Jaribio la tochi halichukui nafasi ya maabara, ila huchuja vizibao vibovu haraka. Kitundike kizibao kwenye stoo yenye giza, simama umbali wa mita 10 au zaidi, na uishike tochi ya simu pembeni mwa jicho lako. Utepe mzuri huwaka mweupe kwa nguvu. Kisha unyooshe mkono na kuipeleka tochi mbali na kichwa huku ukiendelea kuimulika nguo. Mng'ao wa utepe mzuri hufifia sana, kwa kuwa mwanga sasa unaifuata tochi na kuliacha jicho. Utepe wa plastiki ya kung'aa tu hautaonyesha tofauti hiyo. Sugua pia utepe kwa kidole gumba mara kadhaa, na ukiona unga wa kijivu umebaki kidoleni, shanga zake hazitamaliza msimu. Kiwango kinataka utepe mpya urudishe angalau kandela 330 kwa kila luksi kwa kila mita ya mraba, ukitazamwa karibu na chanzo cha mwanga na ukimulikwa takriban uso kwa uso, na baada ya kufuliwa, kukunjwa na kusuguliwa usishuke chini ya 100. Tochi haitakupa namba hizo, ila itakuonyesha utepe ulio mbali nazo.

Rangi

ISO 20471 inatambua rangi tatu za fluoresenti: manjano, chungwa iliyokolea kuelekea nyekundu, na nyekundu. Vizibao vya bluu, zambarau, kijani kibichi au pinki, ambavyo vijiwe vya bodaboda na walinzi wa mikutano huvitumia ili kutambuana, si vifaa kinga vya kiwango hiki hata vikishonwa utepe bora. Vinaweza kuendelea kutumika kama sare.

Kati ya manjano na chungwa, uamuzi hutegemea kilicho nyuma ya mfanyakazi. Kuanzia Novemba hadi Aprili miombo na nyasi za mkoa huu huwa kijani kibichi, na manjano ya fluoresenti, ambayo ina ukijani ndani yake, hupotea kidogo katika majani; chungwa hutokeza. Mitambo ya barabarani nayo, greda, kijiko na shindilia, mingi imepakwa rangi ya manjano, na mtu mwenye kizibao cha manjano aliyesimama mbele ya greda la manjano huungana nalo. Kwa vikosi vya barabara napendekeza chungwa. Upande wa pili, bandarini na maghalani, ambako nyuma ya mtu kuna makontena yenye kutu, kuta za matofali na udongo mwekundu, manjano hutokeza zaidi. Nyekundu niiache kwa kuwa kwa watu wa reli na barabara tayari ina kazi ya kuamuru gari lisimame. Wafanyakazi wa reli za Uingereza, kwa mfano, huvaa chungwa.

Mahali pa kazi pakibadilika, kizibao kibadilike

Katika bandari ya Kigoma, ambako mizigo ya Burundi na Kongo hupakiwa kuelekea Bujumbura, Uvira na Kalemie, mpakiaji hufanya kazi karibu na kreni, kamba na ndoano. Kwake kizibao chenye zipu imara ni hatari, kwa sababu kikinaswa kinamburuta. Atafutiwe kile kinachofungwa kwa velkro mabegani na ubavuni, ambacho huachia kinapovutwa kwa nguvu. Mahitaji ni hayo hayo kwa wanaounganisha mabehewa stesheni, na kwa vikosi vya ujenzi wa reli ya kisasa kati ya Tabora na Kigoma vinavyozunguka mitambo. Kama bandarini mtu anatakiwa kuvaa jaketi la kuokolea, kizibao kilichofichwa chini yake hakina maana. Jaketi lenyewe liwe na tepe.

Mchomeleaji asivae kizibao cha poliesta, kwa kuwa cheche huyeyusha kitambaa hicho na kukigandisha kwenye ngozi. Yapo mavazi yanayoonekana kwa mbali na wakati huo huo hayashiki moto kirahisi, nayo huwa na namba ya kiwango cha pili kwenye lebo, kwa mfano ISO 11611, ambacho ni cha mavazi ya wachomeleaji. Kwenye hifadhi za mafuta dai mavazi yaliyothibitishwa pia kwa umeme tuli.

Maghala ya tumbaku ya Tabora na ya nafaka ya Kasulu yana hatari tofauti, yaani forklifti inayorudi nyuma katika mwanga hafifu. Daraja la 2 linatosha, na kitambaa cha wavu husaidia sana kwa joto, kwa sababu kizibao kinachomchemsha mvaaji huishia kutundikwa msumarini. Kumbuka tu kwamba wavu wenye matundu makubwa huonyesha nguo iliyo ndani, na kama ndani kuna shati jeusi, rangi hufa. Nunua wavu wa matundu madogo.

Kuhusu saizi, agiza kwa kuwapima watu wenyewe, wanawake na wanaume. Mradi ulioagiza saizi moja ya XL kwa kila mtu utakuta wadogo wamekunja kizibao na kukifunga fundo kiunoni, na fundo hilo hufuta utepe wa mbele wote.

Kuandika mahitaji kabla ya kuagiza

Iwe unaandika oda ya dukani au unapandisha zabuni kwenye mfumo wa ununuzi wa umma wa NeST, maneno "kizibao cha kuakisi mwanga, pisi 60" yanamruhusu muuzaji kuleta chochote. Andika kwa mfano hivi: "Kizibao cha rangi ya chungwa ya fluoresenti, daraja la 2 kwa ISO 20471:2013, poliesta ya wavu mdogo, tepe mbili za mlalo na mbili za mabegani zenye upana usiopungua milimita 50, kinachofungwa kwa velkro na kuachia kikivutwa, saizi kama ilivyo kwenye jedwali, lebo ya kudumu iliyoshonwa, pamoja na cheti cha ulinganifu na ripoti ya maabara vya modeli hiyo hiyo." Ongeza sharti la sampuli, na sampuli hiyo ubaki nayo stoo hadi mzigo wote upokelewe, kwa maana mzigo usiofanana na sampuli ni jambo la kawaida kuliko inavyotakiwa.

Kabla ya kulipia mzigo mkubwa, fua sampuli mara tano kwa sabuni ile ile ambayo wafanyakazi wataitumia nyumbani, uikaushe, kisha urudie jaribio la tochi. Utepe uliobanduka ukingoni au kuota mikunjo mieupe katika mifuo mitano hautafika mwisho wa mradi.

Matumizi, kufua na kuondoa kazini

Lebo hutaja idadi ya juu ya mizunguko ya kufua ambayo nguo ilipimwa nayo. Nyingine huandika 25, nyingine 50. Katika vumbi la Kigoma, ambako nguo ya kikosi cha barabara hufuliwa kila wiki, kizibao cha mizunguko 25 kinatimiza idadi hiyo ndani ya nusu mwaka hivi. Mpe kila mfanyakazi viwili ili kimoja kiwe kwenye kamba wakati kingine kiko kazini, na tarehe ya kukabidhi iandikwe kwa wino usiofutika kwenye lebo.

Kizibao kifuliwe kikiwa kimegeuzwa ndani nje, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida. Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe ipigwe marufuku kabisa, kwa kuwa huua rangi ya fluoresenti haraka, na brashi ngumu isiguse utepe. Kisipigwe pasi juu ya utepe. Kianikwe kivulini, kwa sababu jua lile lile linaloipa rangi nguvu yake ndilo linaloichakaza. Kizibao kilichoachwa kwenye dashibodi ya gari kwa miezi kadhaa kinaweza kupauka kabla hakijavaliwa. Wakati wa kiangazi, katikati ya wiki, msimamizi aagize tepe zifutwe vumbi kwa kitambaa chenye maji kabla ya zamu ya alfajiri.

Ukaguzi wa kila mwezi hauhitaji mtaalamu. Mtunza stoo aweke kizibao kimoja kipya, ambacho hakijavaliwa, ndani ya mfuko mweusi kabatini, na vyote vinavyotumika vilinganishwe nacho, mchana nje kwa rangi na gizani kwa tochi. Kilichopauka, kilichobanduka utepe hata upande mmoja, kilichochanika hadi mzunguko wa utepe ukakatika, au chenye madoa ya grisi na lami yasiyotoka, kiondolewe siku hiyo hiyo, kiandikwe kwenye daftari pamoja na jina la aliyekuwa nacho, na apewe kingine bila kukatwa mshahara, maana akiona kuwa kukirudisha kibovu ni kujiletea deni ataendelea kukivaa. Kile kilichoondolewa kikatwe vipande viwili mgongoni kabla hakijatoka stoo, la sivyo kitaonekana tena wiki ijayo kwa kibarua wa siku moja.